Tabaga ya mama yangu ina mwenyewe

Mhariri,

Miaka yote nasoma gazeti lako na sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja, marehemu mzee wangu ndiye alikuwa mtu wa barua, mimi nilikuwa nasoma, nakunja, naweka kando. Lakini ile habari yenu ya makumbusho kufikia jamii zilizotengwa, ile mliiweka na picha kubwa ya vijana wa tisheti za manjano na wamama kwa viti vya plastiki, hiyo imenikwama kooni. Yule mama wa pili kutoka kushoto, mwenye gurbaba (nguo yetu ya kujifunga) ya kijani, chini yake mmeandika "mkazi wa Kibera akifurahia maonyesho". Yule ni mama yangu mzazi. Hakuwa anafurahia kitu. Alikuwa ametoka tu kuuliza tabaga yake itarudi lini na hakuna hata mmoja alimjibu.

Wacha nieleze, maana mwandishi wenu hakuuliza. Sisi ni Wanubi wa Makina, hapa Kibra. Tabaga ni ule mfuniko wa chakula wa kusuka, mviringo, wa rangi rangi, ukiingia harusi yetu au matanga utaona zimefunika masinia yamepangwa mstari, na mama anayejua mambo akiangalia tu ule mchoro atakwambia huu ni mkono wa fulani. Hii ya mama aliisuka akiwa na mimba ya kaka yangu mkubwa, zambarau na machungwa, na kuna mahali karibu na ukingo ile zambarau inakatika inakuwa bluu kwa sababu rangi ilimwishia na baba alikuwa bado hajalipwa. Sasa miaka miwili iliyopita vijana wa mradi wakaja mpaka sebuleni, wakavua viatu, adabu nzuri sina neno, wakala gurusa, mkate wetu, na chai, wakamwita mama shosho (kwetu ni habuba, lakini tuliwaachilia), wakasema kuna jumba la maonyesho hapa mjini, sitalitaja, na si lile kubwa la taifa la Museum Hill, linataka kuingiza sauti zetu ndani. Wakaomba tabaga kwa miezi mitatu tu. Mama akaweka kidole kwa fomu ya Kiingereza ya kurasa nne. Wakatuachia kreti ya soda na tisheti moja, saizi ya mtoto.

Miezi mitatu ikawa kumi. Simu hawashiki, ukibahatika wanakwambia yule ofisa aliacha kazi. Nikaamua kumpeleka mama mwenyewe, ana miaka themanini na moja na goti bovu, tukapanda matatu namba 8 mpaka tao, tukashuka, tukapanda nyingine, kwa geti askari akataka kitambulisho, halafu akasema leo ni siku ya vikundi kwa hivyo tuonyeshe barua ya kikundi, halafu pesa taslimu hazichukuliwi, lipa na simu, na simu yangu siku hiyo chaji ilikuwa imebaki mstari mmoja. Tukaingia saa nane na tulitoka nyumbani saa nne. Chumba cha tatu tukaikuta. Imewekwa ndani ya kioo, imemulikwa taa utadhani dhahabu, na chini kuna lebo ya Kiingereza. Mhariri, ile lebo ilisema hivi: mfuniko wa kikapu, Wasudani, msusi hajulikani. Hajulikani! Mtu mlikaa kwake saa mbili mzima, mkala mkono wake, mkampiga picha mbele na upande kama wa kitambulisho, mkachukua alama ya kidole chake, leo hajulikani? Wasudani gani? Mama alizaliwa Kibra, mama yake alizaliwa Kibra, Sudan hajawahi kuiona hata kwa ndoto, na aliyekuja kutoka huko alikuja na bunduki ya Mwingereza begani kwa sababu King's African Rifles, jeshi la mkoloni, ilimtaka, hakuja kutembea. Na si mfuniko wa kikapu, ni mfuniko wa sinia la chakula, kikapu kimetoka wapi? Mama hasomi Kiingereza. Akaniuliza, wameandika nini? Nikamwambia wameandika jina lako. Mungu anisamehe. Akafurahi, akasogea akaweka kiganja juu ya kioo, na askari kutoka kule mlangoni akapiga kelele, mama usiguse.

Nimebeba huo uongo mpaka leo, halafu naamka naona picha yenu.

Mimi si mtu wa kuchukia makumbusho. Pale Museum Hill shule ilitupeleka nikiwa darasa la tano na bado nakumbuka sanamu ya Ahmed, ule ndovu wa Marsabit ambaye Mzee Kenyatta alitoa amri mwaka 1970 alindwe, akafa 1974, na kila mtoto pale alitoka akijua jina lake. Ndovu ana jina. Halafu nasoma kuhusu yule mvulana wa Turkana, binadamu wa kale sana, mifupa ilipatikana 1984 huko Nariokotome, aliyeona kile kipande cha kwanza ni Kamoya Kimeu, Mkamba wa hapa hapa kwetu, amefariki 2022, sasa simamisha mwanafunzi yeyote pale Kenyatta Market umuulize nani alipata mifupa ile, atakwambia Leakey, yule Mzungu aliyeongoza msafara. Kwa hivyo haya mambo ya kupoteza jina la mwenye mkono hayakuanza na mama yangu, mimi najua.

Na gazeti lako linajua sana kupigia Wazungu kelele. Vigango vya Wamijikenda, zile nguzo za kuchonga za kukumbuka wafu, viliporudi kutoka kule Denver, Marekani, mwaka 2019 sote tulishangilia, na ile ngoma kubwa ya Wapokomo, ngadji, iliyo London kwa British Museum kila siku tunaidai, na ni haki kabisa idaiwe. Lakini kitu kikichukuliwa Makina kwa soda na kupelekwa umbali wa nauli mbili za matatu, hiyo si wizi, hiyo ni mradi wa jamii, na mnaipa ukurasa mzima.

Na kwa sababu nimeshaanza wacha nimalize hii ya Wasudani. Hiyo lebo haikunishtua peke yake, ilinishtua kwa sababu nimeshaisikia mahali pengine. Kijana wangu alipofika miaka kumi na minane alienda kutafuta kitambulisho, wenzake wa darasani walipewa baada ya wiki chache, yeye akaitwa vetingi, yaani kuhojiwa kama ni Mkenya kweli, mbele ya wazee na ofisa mmoja, lete cha baba, lete cha babu, babu alizikwa wapi, karibu miaka miwili akihangaika na kazi zikipita. Mwaka 2025 Rais alitangaza vetingi imeisha, haya, tunashukuru, nani atamrudishia ile miaka miwili? Ardhi nayo tulianza na zaidi ya ekari 4,000, mwaka 2017 tukapewa hati ya ekari 288 na tukapiga doluka, ngoma yetu, kwa sababu bora hata hiyo. Halafu bado mnaandika Kibera. Ni Kibra, yaani msitu, ni neno letu, na ni herufi tano tu, hata wino mtaokoa.

Sasa suluhisho, maana najua mhariri hupenda suluhisho. Yule bosi wa hilo jumba aje yeye, asitume vijana, na asije na gari la kazi, apande namba 8 asubuhi saa moja unusu na fomu yake ya kurasa nne akiisoma amesimama. Alete lebo mpya iwe na jina la mama, Makina, Kibra, na iseme pale zambarau inageuka bluu ni kwa nini. Aibandike mbele ya mama, kisha amsomee polepole, kwa Kiswahili, ili mimi nitoke kwa ule uongo.

Na hii tabaga tunaihitaji. Mjukuu wake anaolewa Shaaban na mama amekataa katakata sinia la bi harusi lifunikwe na nyingine. Basi wakikataa kuirudisha pia ni sawa, tutakuja siku ya vikundi, tuna kikundi sasa, wamama thelathini na saba, barua tumeshapiga chapa kwa saiba, na wali tutakuja nao.

Binti ya msusi,
Makina, Kibra, Nairobi