Jina la Muvi Halitoshi: Kwa Nini Tunatoza Hela ya Kutafuta

Desemba ikikaribia, lalamiko ni lile lile hapa dukani kwetu Mwanga, Kigoma, tunapowawekea watu muvi kwenye flashi: "Unanitoza elfu tatu ya kutafuta, na jina nimekutajia mwenyewe?" Juzi baba mmoja wa Kibirizi ameondoka anasema tumemwibia. Tumeona bora tuwaeleze wateja wote kwa pamoja.

Alitaka ile ya mzee bahili anayetokewa na mizimu usiku wa kuamkia Krismasi. Jina alilotaja ni Scrooge, ndilo jina la mzee huyo. Hadithi hiyo ni kitabu cha A Christmas Carol cha Charles Dickens, mwandishi wa Uingereza, ilitoka London Desemba 1843, na filamu zake zimeanza kutengenezwa tangu 1901, enzi za picha zisizo na sauti. Ya mwigizaji Alastair Sim ya 1951 iliitwa Scrooge kwao Uingereza, Marekani ikaitwa A Christmas Carol. Ya Albert Finney ya 1970, ile ya nyimbo, nayo ni Scrooge. Za 1938, 1984, 1999 na 2009 zote ni A Christmas Carol. Ukishataja jina, hapo ndipo kazi yetu inaanza.

Wateja wengi wanatuambia walichokumbuka: mzimu wenye minyororo, mtoto mgonjwa wa mguu, kaburi. Hivyo vimo karibu kila mahali kwa sababu vimo kitabuni. Sisi tunatafuta kile ambacho mtengenezaji amekiongeza mwenyewe. Mwalimu mmoja mstaafu wa Ujiji alitusumbua sana, kila tunachomwonyesha si chenyewe, mpaka alipotaja kwamba asubuhi ya Krismasi yule mzee alisimama kwa kichwa, mtumishi wa nyumba akapiga kelele akakimbia. Tukajua papo hapo, 1951. Wanawe walikuwa wanambishia kwamba ya zamani vile haiwezi kuwa ya rangi, naye anaapa aliiona ya rangi. Wote walikuwa sahihi: ilipigwa nyeusi na nyeupe, rangi ikawekwa miaka mingi baadaye.

Mama wa Kasulu yeye alikumbuka watu wanacheza juu ya jeneza barabarani, na mzee mwenyewe anashangilia nao bila kujua jeneza ni lake. Hiyo ni 1970, haina ubishi. Na ukituambia farasi weusi wanamfukuza mzee mpaka amekuwa mdogo kama panya, tunakupa ya Jim Carrey ya 2009.

Sasa turudi kwa baba wa Kibirizi. Kabla ya kuja kwetu alishajaribu njia ya mkato. Alipakua ya kwanza iliyotokea kwenye simu, bando likaishia kwenye katuni ya Mickey ya 1983, haifiki hata nusu saa na mzee bahili ni bata. Akaenda kununua flashi ya "Krismasi zote" sehemu nyingine, akakuta ya mwaka 1992 yenye vikaragosi. Hela hizo mbili zinapita elfu tatu yetu, na alikuwa bado hajaiona muvi aliyoitazama na marehemu baba yake. Wengine wanasema "wewe weka yoyote", halafu wanarudi kesho wamenuna. Yoyote hatuweki.

Elfu tatu ni ya kukaa na wewe, kukuuliza, kufungua moja moja na kukuonyesha kipande kile kile ulichokitaja. Flashi haiguswi mpaka useme "ndiyo hiyo". Muvi inalipiwa kivyake. Tusipoipata, hela ya kutafuta unarudishiwa yote.

Kama aliyeiona ni bibi yako na yuko kijijini, mpigie ukiwa hapa hapa kaunta, tuongee naye sisi. Mwulize kwanza kama kwenye muvi hiyo watu walikuwa wanaimba. Wateja wa Krismasi waje Novemba. Wiki ya mwisho ya Desemba foleni inafika nje, na hatutamharakisha aliyetangulia.