Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Pamoja na Maelezo ya Bili ya Ukaguzi wa Data

Ndugu wanajumuiya wa nyumba za wageni, Assalamu alaykum.

Mafunzo ya kuzima moto, futari ya pamoja na usafi wa Malindi vilifanyika kama kila mwaka. Waliokuja wanajua, sikawii hapo.

Naingia kwenye linalosemwa barazani: bili ya dola 310 ya kukagua data zetu za mtandaoni. Inasemwa mwenyekiti katumia fedha bila kikao. Kikao kiliitwa mara mbili, tukakaa mimi na mshika fedha tu. Vitabu vya wageni vya nyumba zetu zote viko katika hifadhi ya mtandaoni ya Amazon, na hakuna aliyejua nambari za pasipoti zimelala katika faili gani. Ndipo nikawasha Macie, huduma ya Amazon inayosoma mafaili na kutaja yenye taarifa za siri. Hutoza kama dola 1 kwa kila gigabaiti inayosomwa, na makadirio huyaona kabla hujaanza. Niliona dola 120, nikakubali. Nani kati yenu asingekubali?

Kosa ni letu wenyewe. Tulibana vitabu vya miaka yote katika mafaili ya zip, yachukue nafasi ndogo, jumla gigabaiti 40. Makadirio huchukulia kwamba kilichobanwa kikifunguliwa kitakuwa mara tatu. Orodha zetu, maandishi matupu, zikafumka karibu mara nane. Maelezo ya Amazon yanalisema hilo la mara tatu. Sikuyasoma hadi mwisho, nakiri.

Wanaodai tungekagua kila kitu kwa fedha hiyohiyo wajue jambo moja: Macie haisomi picha. Pasipoti mnazopiga kwa simu na kunirushia saa tano usiku inazipita tu. Kwa hiyo nimeamua, na sijutii: picha zikae folda moja yenye kufuli, ukaguzi wa kila mwezi uguse mafaili mapya na yaliyobadilishwa tu, ya zamani yasomwe kwa sampuli ya asilimia 10. Tahadhari ya bajeti nimeiweka dola 15, ingawa yenyewe hupiga kelele tu, bomba haifungi.

Sasa ada. Wanachama 84, waliomaliza kulipa 29, waliohudhuria mkutano uliopita 17, na wanne kati yao waliingia wakati wa chai. Nusu ya bili hiyo nimeilipa kwa mfuko wangu. Risiti anazo mshika fedha, nendeni mkazione.

Mwakani, inshallah, tutatafuta kijana anayejua mambo haya, na pengine ofisi. Ada inapokelewa hapo mlangoni, kabla ya biriani.