Ondoa kwanza kikombe cha chai mezani

Langoni, Lamu

Zuhura mwenzangu,

Waalaykum salaam. Barua yako ya kuuliza jinsi ya kuongeza damu kwa chakula nimeipata pamoja na karatasi ya maabara, na karatasi ndiyo niliyoanza kuisoma. Hemoglobini, yaani kipimo cha damu, 11.2; feritini, yaani kipimo cha akiba ya chuma, 11. Kwa mwanamke asiye na mimba, hemoglobini ikishuka chini ya gramu 12 kwa desilita huhesabiwa upungufu wa damu, na feritini ikiwa chini ya 15 maana yake akiba ya chuma mwilini imekwisha. Upungufu wako bado ni mdogo, kwa hiyo unaweza kujaribu kuuondoa kwa chakula bila nyama ya ng'ombe wala mbuzi na bila vidonge, kama unavyotaka. Hemoglobini ingekuwa 8, nisingekuandikia habari za kunde. Ningekwambia ushike njia ya hospitali leo.

Umenieleza unavyokula: asubuhi mahamri na mbaazi za nazi kwa chai ya maziwa, mchana wali na samaki au kunde, alasiri chai tena, usiku chapati na maharagwe, na chai ya kuteremshia. Tangu upate majibu umeongeza glasi ya maji ya bitiruti na tende saba. Dadangu, chuma kimo katika chakula hicho. Kinachokuponza zaidi ni chai.

Majani ya chai yana tanini, na tanini hukishika chuma cha mimea ndani ya utumbo kikawa kitu kizito kisichofyonzeka. Kikombe kimoja kikinywewa pamoja na chakula kinaweza kukata zaidi ya nusu ya chuma ambacho ungekipata. Kahawa nayo hukata, ingawa si kwa kiasi cha chai. Ukitia maziwa huponi, kwa sababu kalsiamu ya maziwa nayo huzuia chuma. Basi kabla ya kununua chochote, tenganisha chai na chakula: ukila saa moja asubuhi, chai inywe saa tatu. Saa moja ya kungoja ni afadhali kuliko kutongoja, saa mbili ni bora. Mezani kuwe na maji, au maji moto ya tangawizi yaliyokamuliwa ndimu, bila majani ya chai. Najua kumwambia mtu wa pwani ale mahamri bila chai ni kumpa mtihani, lakini ukishika hili moja tu, mengine yote nitakayokwambia yatapata nguvu. Usiposhika, utakula kunde mwaka mzima na feritini itabaki hapo hapo.

Tui la nazi usiliogope. Halina kalsiamu ya kuhesabika kama maziwa ya ng'ombe, kwa hiyo kunde za nazi na mchicha wa nazi endelea nazo.

Sasa chuma chenyewe. Kile cha damu na misuli ya mnyama, kuku na samaki wakiwemo, mwili hukichukua kwa urahisi, kama asilimia 15 hadi 35. Kile cha nafaka, jamii ya maharagwe na mboga hupita kwa tabu, wakati mwingine asilimia 2 tu, wakati mwingine karibu 20. Tofauti hiyo ya 2 na 20 inatokana na akiba yako ilivyo (mwili wenye njaa ya chuma huchukua zaidi), na inatokana na vitu ulivyovila pamoja nacho. Mwanamke anayepata hedhi hushauriwa ale takriban miligramu 18 kwa siku. Asiyekula nyama kabisa anahitaji zaidi ya hapo, kwa sababu sehemu kubwa hupotea njiani.

Kinachosaidia kupita ni vitamini C, na ni lazima iwe katika mlo ule ule. Pera uliokula alasiri hausaidii maharagwe ya usiku. Pera moja la wastani lina zaidi ya miligramu 100, chungwa kama 70, kikombe cha vipande vya papai kama 80 na ushei, nusu ya pilipili hoho mbichi kama 50. Ndimu tunaitegemea mno: maji ya ndimu moja hutoa miligramu 13 hivi, kwa hiyo kukamua kipande kimoja juu ya kunde ni ladha zaidi kuliko dawa. Lenga 50 au zaidi kila mlo. Kachumbari ya nyanya mbili, nusu hoho na ndimu mbili inafika. Na isipikwe, kwa kuwa vitamini C huharibika kwa moto. Mchicha ukamulie ndimu ukiwa umeshaepuliwa.

Upande wa jamii ya maharagwe, kikombe kimoja cha kamande zilizopikwa kina miligramu 6 na zaidi, kunde na maharagwe kama 4, pojo karibu 3, na mbaazi, ambazo ndizo unazokula kila asubuhi, karibu 2 tu. Sikwambii uziache mbaazi, nani ataacha mbaazi? Lakini siku tatu kwa wiki badilisha, upike kamande au kunde za nazi zile zile kwa mahamri yale yale. Kamande hazihitaji kulowekwa sana na huiva chini ya nusu saa.

Tatizo la nafaka na maharagwe ni fitati, kitu kilichomo kwenye punje ambacho nacho hukishika chuma. Hupungua kwa kuloweka, kuotesha au kuchachusha. Maharagwe na kunde loweka saa 12, na kwa joto letu badilisha maji mara moja katikati, la sivyo huanza kuchacha na kutoa povu. Maji ya kulowekea mwaga, pikia maji mapya. Magadi usitie, hulainisha haraka lakini huharibu baadhi ya vitamini.

Pojo ndizo rahisi kuotesha. Chukua kikombe kimoja, chagua, osha, loweka saa 8. Mwaga maji, zitandaze kwenye chujio, tabaka lisizidi vidole viwili kwa kina, funika kwa kitambaa safi kilicholowa, weka kivulini. Suuza asubuhi, adhuhuri na jioni, na kila mara hakikisha maji yamechuruzika yote. Kwa siku moja au mbili utaona mikia ya kama sentimita moja, zipike siku hiyo hiyo. Zikiteleza kwa utando au zikinuka, tupa zote bila kuchambua, maana maji yalituama au joto lilizidi na bakteria wameshaingia. Kwa sababu hiyo hiyo usizile mbichi, hata zikiwa nzuri kwa macho. Wimbi nao ni hivyo hivyo: uji wa unga uliochachushwa usiku kucha, au wa kimea, una faida kuliko uji wa haraka uliojazwa maziwa.

Unga nao una habari yake. Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa ngano na wa mahindi unaouzwa kwa paketi uongezwe madini na vitamini, chuma kikiwemo. Soma ubavuni mwa paketi uone kama umeandikwa hivyo. Unga wa kusagisha mtaani hauna nyongeza hiyo.

Kwenye bahari tuna bahati, ila tuhesabu vizuri. Changu na nguru wana chuma kidogo, kama miligramu moja au chini kwa gramu 100. Faida yao kubwa ni nyingine: nyama ya samaki au kuku ikiliwa pamoja na maharagwe huusaidia mwili kukichukua chuma cha hayo maharagwe. Kwa hiyo kipande kidogo cha samaki wa kupaka pembeni ya kunde kila siku ni bora kuliko samaki mzima siku moja na kunde kavu siku inayofuata. Pweza aliyepikwa anaweza kuwa na miligramu 9 kwa gramu 100, na watu humsifu kwa hilo. Lakini damu ya pweza hubeba hewa kwa shaba, haina chuma cha damu kama ya kuku, basi usimhesabu kwa thamani ya juu kabisa. Mle, ni mzuri, na umkamulie ndimu. Chaza wa mikokoni nao wana chuma kingi, lakini huchuja maji wanamoishi na uchafu wake. Karibu na mji usiwachukue, na popote uwatoapo wapike mpaka waive barabara.

Kinachoshinda vyote hivyo, na ambacho si nyama nyekundu, ni maini ya kuku. Gramu 100 zilizopikwa zina miligramu 11 hivi, na chuma chake kinafyonzeka vizuri. Mwuzaji wa kuku sokoni Malindi anaweza kukuwekea ukimwagiza mapema. Kaanga kwa kitunguu, nyanya na hoho, yaive mpaka katikati pasiwe na wekundu. Mara moja kwa wiki inatosha, mbili ni nyingi ya kutosha, kwa kuwa yana vitamini A nyingi mno. Ukishika mimba, yaache kabisa. Vitamini A ikizidi humdhuru mtoto tumboni.

Bitiruti na tende: rangi nyekundu ya bitiruti haina uhusiano na damu, na gramu 100 zake zina chini ya miligramu moja ya chuma. Tende gramu 100 zina kama miligramu moja. Si vibaya kula, lakini tende saba na glasi hiyo havikujazi damu. Vivyo hivyo soda nyekundu iliyochanganywa na maziwa, anayopewa kila mzazi hapa pwani; ni sukari na kalsiamu. Pesa hiyo nunua mapera. Ukitaka cha kutafuna, chukua kiganja cha korosho, kina miligramu 2 hivi.

Jambo la chungu. Ukipika kwenye karai au sufuria ya chuma tupu, chuma kidogo huingia kwenye chakula, na hili lilipimwa: mwaka 1999 ulichapishwa utafiti wa Ethiopia ulioonyesha watoto waliopikiwa kwenye vyungu vya chuma waliongezeka damu kuliko waliopikiwa kwenye alumini. Masufuria yetu mengi ni alumini, hayatoi kitu. Sumaku haishiki alumini, kwa hiyo ni kipimo cha haraka dukani. Karai lenye rangi, lililopakwa enameli au lililotiwa zinki kama mabati usitumie. Pika humo mchuzi wenye uchachu, yaani nyanya, ukwaju au ndimu, kwa dakika 20 au zaidi, kisha uhamishie chakula chombo kingine. Kikilala humo hugeuka cheusi na ladha ya kutu. Osha, kausha juu ya jiko, paka mafuta, maana hewa ya chumvi italitia kutu usiku mmoja. Ila kama nyumbani yuko mtu wa thalasemia au selimundu (magonjwa ya damu ya kurithi) anayeongezewa damu mara kwa mara, chuma cha ziada humdhuru, basi asile cha karai hilo.

Na hili ndilo sharti. Chakula hakiwezi kujaza chombo kinachovuja. Kama hedhi yako inapita siku saba, au unabadilisha kitambaa kila saa moja au mbili, sema kwa daktari, inatibika. Omba kupimwa choo kwa minyoo ya safura na mkojo kwa kichocho, vyote vipo pwani. Malaria iliyojificha hula damu. Dawa za maumivu kama aspirini zikimezwa kila siku zinaweza kutoa damu tumboni bila wewe kuona, na choo cheusi tititi ni dalili ya kukimbilia hospitali usiku huo huo. Dawa za kupunguza asidi nazo hupunguza ufyonzaji. Na kama unatafuna odowa (vijiwe laini vya udongo) au udongo, niambie bila haya: hamu hiyo mara nyingi huletwa na upungufu wenyewe, kisha udongo nao huzuia chuma, na mtu hubaki akizunguka.

Usitegemee mabadiliko ya wiki mbili. Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, na akiba hujaa mwisho, baada ya hemoglobini kupanda. Rudia vipimo vyote viwili baada ya miezi mitatu, kwenye maabara ile ile. Usipime ukiwa na homa, kwa sababu feritini hupanda kwa ugonjwa na itakudanganya kuwa umepona. Hemoglobini ikiwa imesogea kuelekea 12, endelea. Ikiwa imesimama au imeshuka, au ukipata mimba, au ukihema ukiwa umekaa, chakula peke yake kimeshindwa na vidonge vitakuwa lazima. Hapo mwulize daktari kuhusu kumeza siku moja na kuacha moja. Kwa njia hiyo wengi hawaumwi sana tumbo, na mwili hukichukua chuma vizuri zaidi kwa kila kidonge kuliko kumeza kila siku.

Ukijibu, niandikie saa unazokunywa chai na saa unazokula, siku kwa siku kwa wiki moja, hata zile ulizoshindwa kungoja. Nisalimie mama na watoto.

Wako,
Mwanaisha