Malalamiko kuhusu ruta mliyonikodisha na jinsi nilivyotendewa kwenye kaunta yenu

Nairobi

Kwa Meneja Mkuu,

Bwana Meneja,

MINTARAFU: RUTA (KIFAA CHA INTANETI) YA LAINI YA SIMU NILIYOKODI KWENU KWA WIKI SITA

Nimekaa siku mbili kabla ya kuandika barua hii ili hasira ipungue, nayo haijapungua, kwa hiyo naomba uniwie radhi iwapo mahali fulani adabu itaniponyoka. Masharti ya ukodishaji mnayajua kwa kuwa mliyaandika wenyewe, pamoja na kile kipengele cha kubadilisha kifaa kibovu ndani ya saa 24, basi sitakuchosha kwa kuyanukuu.

Jumatano nilifika ofisini kwenu saa tatu asubuhi nikiwa nimebeba ruta kwenye mfuko wa kitambaa, nikachukua nambari, nikangoja saa moja na nusu. Zamu yangu ilipofika, mhudumu wenu hakuishika ruta ile. Aliisukuma kwa ncha ya kalamu mpaka ikanirudia, akasema kwa sauti iliyofika mlangoni: “Mama, mtandao ni wa laini, si wa ruta. Rudi kwa waliokuuzia laini.” Kisha akamwita mwenye nambari iliyofuata, nami bado nimesimama pale.

Ijumaa iliyotangulia, nilipokuja na pesa mkononi, mwenzake alikuwa mwingi wa bashasha. Nilimweleza kwamba jengo letu la Barabara ya Kirinyaga linakarabatiwa, kwamba duka langu la vipuri linahamia kwa wiki sita kwenye bohari ya mabati karibu na Barabara ya Enterprise, na kwamba sioni maana ya kuvutiwa faiba mahali nitakapokaa muda mfupi kiasi hicho. Nilimtajia kompyuta nne, ankara za eTIMS, ule mfumo wa mamlaka ya kodi, ambazo wateja wangu huzidai papo hapo, na kamera mbili ninazotaka kuzitazama usiku nikiwa nyumbani. Hakuuliza ni mtandao gani unaoshika vizuri upande ule, wala kuta ni za nini, wala umeme ukipotea tunatumia nini. Alinionyesha kasha lililoandikwa megabiti 300 kwa sekunde, akaniambia kwamba kwa kuwa ruta ina nafasi mbili za laini, kasi itakuwa maradufu. Nikalipa kodi ya wiki zote sita, shilingi 18,000, na amana ya shilingi 10,000.

Jumatatu asubuhi ruta iling'ang'ania 3G na haikutoka hapo. Simu ya kijana wangu wa stoo, yenye laini ya mtandao ule ule na ikiwa juu ya meza ile ile, ilikuwa ikishika 4G bila taabu. Tukaitoa laini kwenye simu tukaitia kwenye ruta, ikawa 3G. Tukairudisha kwenye simu, 4G ikarejea. Sikusomea mitambo, Bwana Meneja, ila hapo hata anayeuza mboga angejua kasoro iko wapi. Hayo ndiyo niliyokuja kumweleza mhudumu wenu, na hakuniacha nimalize hata sentensi ya pili.

Nilipotoka kwenu nilipitia kwa fundi mmoja Luthuli Avenue. Aliigeuza ruta, akasoma kibandiko kilicho chini yake, na kabla sijapata pa kuketi alikuwa amepata jibu. Bendi za 4G, yaani masafa ya redio ambayo ruta huweza kuyashika, zilizoandikwa pale ni ya 2, ya 4, ya 5, ya 12 na ya 66, ambazo ni bendi za Marekani. Huku kwetu 4G hupita hasa kwenye bendi ya 3, yaani megahezi 1800, na bendi ya 20, yaani megahezi 800, na ruta isiyokuwa nazo haitaisikia 4G hata ukiifunga kwenye mguu wa mnara. Zile megabiti 300 za kwenye kasha hupatikana kifaa kinapounganisha bendi mbili kwa wakati mmoja. Chenu hakikuwa na hata moja ya hizo za huku ya kuanzia. Nazo nafasi mbili za laini ni za akiba, moja ikikatika nyingine ishike, wala hazijumlishwi. Kijana wenu wa Ijumaa alikuwa akiniuzia ndoto.

Halafu kuna zile antena. Mlinipa mbili kwa sababu ya mabati, nami nilishukuru, kwani mabati huzuia mawimbi na antena ya nje ndiyo dawa yake. Fundi alizifungua akacheka, na sikumlaumu. Ni antena za Wi-Fi. Skrubu yake hukaza vizuri kabisa kwenye ruta, lakini katikati pana tundu upande huu na tundu upande ule, hakuna sindano inayogusa chochote. Siku mbili nzima tulikuwa tukizizungusha kuelekea huku na huku, na mara moja kijana wangu alipanda ngazi kuzielekeza kwenye mnara. Kuhusu kamera nitasema tu kwamba laini za kawaida huwekwa pamoja na wateja wengi nyuma ya anwani moja ya intaneti, kwa hiyo huwezi kuifikia kamera moja kwa moja kutoka nje mpaka upate laini yenye anwani yake ya hadharani au upitie huduma ya kati ya watengenezaji wa kamera. Hilo lilipaswa kuwa swali la kwanza siku ya Ijumaa.

Sasa nirudi kwenye ile kaunta, maana usiku huirudia kichwani. Mwanamke wa umri wangu amesimama na mfuko wake, nyuma yake watu kumi na wawili au zaidi, na kijana anayeweza kuwa mwanangu anakisukuma kifaa kwa kalamu kana kwamba kimeokotwa jalalani. Nilimwambia kwa upole kwamba laini tumeijaribu kwenye simu na inafanya kazi. Hakuinua macho. Alisema, “Nyinyi watu wa maduka hubonyezabonyeza mkaharibu, halafu mnakuja hapa,” na wawili kwenye foleni wakacheka. Kile kibandiko, Bwana Meneja, kilikuwa chini ya ruta ile ile. Kama angetumia mkono badala ya kalamu, kama angeigeuza tu, angesoma nilichokuja kusomewa Luthuli Avenue kwa shilingi 1,500. Aliogopa uzito wake?

Nimesahau kutaja kwamba Jumanne nilikuwa nimepiga simu yenu mara tano. Mara nne niliwekewa muziki. Mara ya tano niliambiwa nije mwenyewe na kifaa. Nilikuja. Yaliyonipata ndiyo hayo.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kudai amana yangu na kodi ya wiki ambazo hazijaisha. Baada ya kuyaweka yote kwenye karatasi naona hilo halitoshi. Nadai kodi yote ya shilingi 18,000, amana ya shilingi 10,000, malipo ya fundi, bando lililoishia kwenye ruta isiyoweza kulitumia, na nauli za kijana wangu aliyekwenda saibakefe siku nne mfululizo kutoa ankara. Pia nataka barua ya kuomba radhi iliyotiwa sahihi na mhudumu yule mwenyewe, si ujumbe wa simu ulioandikwa na kompyuta.

Mna siku 14. Kifungu cha 46 cha Katiba kinanipa haki ya bidhaa na huduma za kiwango kinachofaa, haki ya kupewa maelezo ya kuniwezesha kufaidika nazo, na haki ya fidia ninapopata hasara. Siku hizo zikipita nitakwenda kwenye Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja na ambayo sheria inaitaka iamue ndani ya siku 60, na hapo nitaongeza mauzo niliyopoteza, ambayo kwa sasa nimeyaacha kwa hisani. Nitaiandikia pia Mamlaka ya Mawasiliano niulize iwapo kifaa hiki kiliwahi kuidhinishwa kutumika nchini. Kibandiko nimekipiga picha, na zile antena nimezitia kwenye bahasha.

Ruta yenu iko bohari, juu ya rafu ya mikanda ya injini. Mtume mtu aifuate kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi na moja jioni, aje na hundi. Mimi sitaileta tena kwenye kaunta ile.

Wako,

Mwenye duka la vipuri,
Barabara ya Kirinyaga, Nairobi