Kichwa cha treni ya mgodi hakiokolewi kwa rangi

Mhariri,

Taarifa yenu kuhusu kile kichwa cha treni ya mvuke kilichokuwa kikivuta mabehewa ya madini inadai kimeokolewa, eti kwa sababu kimepakwa rangi nyeusi na kusimamishwa langoni. Taarifa za namna hii nimezivumilia miaka mingi, lakini hii imenishinda. Chuma kilichopakwa rangi juu ya kutu na kuachwa mvuani kinaendelea kuoza.

Ilitosha mwandishi wenu afungue ule mlango wa duara wa mbele, chini ya dohani. Humo hubaki masizi na majivu. Makaa ya mawe yana salfa, kwa hiyo mvua ikiingia kupitia dohani iliyo wazi, uchafu ule hulowa na kuwa asidi inayokula bati la chini na midomo ya mirija ya boila, yaani tangi la kuchemshia maji ya mvuke. Nimeona bati la aina hiyo likitobolewa kwa bisibisi iliyosukumwa na mkono tu, ilhali rangi ya nje bado mpya! Majivu yaliyosahaulika kwenye tanuri nayo hula bolti zinazoshikilia kuta zake. Na lile koti la kuhifadhi joto linaloizunguka boila, likishalowa halikauki upesi. Linaibana boila na unyevu wake miaka nenda miaka rudi. Katika mashine za zamani koti hilo mara nyingi ni asbesto, ambayo vumbi lake hudhuru mapafu, kwa hiyo liondolewe na mafundi wenye vibali na vifaa vya kujikinga, si vibarua wenye patasi.

Halafu kuna suala la makaratasi. Mgodi ukifungwa, geji, valvu na beringi za shaba huuzwa kwa kilo, na madaftari ya karakana huchomwa moto. Bila daftari la boila, mkaguzi atajuaje mirija ilibadilishwa lini?

Fedha za rangi zinunue paa kwanza, lipite ubavu wa kichwa angalau mita 2 kila upande, pande ziachwe wazi hewa ipite. Masizi na majivu yakwanguliwe yote. Maji yote yatolewe kwenye boila na matangi, vizibo vya kuoshea boila viachwe wazi, dohani ifunikwe. Silinda zitiwe mafuta, kisha kichwa kisukumwe kidogo kila baada ya miezi michache ili pistoni na beringi zisigande. Rangi ije mwisho, juu ya chuma kikavu kilichosuguliwa.

Wale wanaoahidi kukiwasha siku ya sherehe wasiguse kiberiti. Lita 1 ya maji hugeuka takriban lita 1,600 za mvuke, na boila iliyodhoofika ikipasuka huua. Mkaguzi wa boila apime kwanza unene wa mabati, kisha aijaribu kwa maji baridi yenye shinikizo kubwa kuliko la kazi. Asipoitia saini, ibaki baridi.

Msomaji wenu