Barua kwa Mama Nasra, Tanga

Temeke, Dar es Salaam
Jumapili usiku

Mama Nasra, shoga yangu,

Salaam nyingi kwako, kwa shemeji na watoto. Sisi huku wazima, joto tu ndilo linatutesa. Najua nimekaa kimya mno na umeninunia. Ninunie, tutapatana tukionana, leo nina jambo na haliwezi kungoja.

Bosi ametupa hadi mwisho wa mwezi huu: tuamue redio ipige muziki gani, la sivyo anafunga. Matangazo yamekauka. Yule wa vifaa vya ujenzi amejitoa, yule mama mwenye shule naye hakurudi, mshahara unakuja nusu nusu. Dogo wa asubuhi ameshahamia kwa majirani, sijui kama ulisikia. Babu wa mitambo yupo, anakusalimu sana, na bado hataki mtu aguse vifaa vyake.

Sasa bosi ana jibu lake kichwani: singeli na bongo fleva, usiku na mchana, kwa sababu vijana ndio wengi mjini. Singeli mimi naipenda, imezaliwa kwetu uswahilini, Tandale na Manzese huko. Lakini redioni ina wenyewe. EFM waliishika mapema wakaikuza. Bongo fleva iko Clouds, iko Wasafi. Sisi ambao ukivuka Mbezi tunaanza kukwaruza, tupige wimbo uleule waliokwisha kuupiga wao, tena kwa sauti mbaya kuliko yao? Kijana atatufuata kwa lipi? Na huo wimbo mpya ameshauona YouTube tangu jana usiku.

Jumamosi nilikwenda kuzunguka Tandika sokoni hadi Keko kwa maseremala, nasikiliza tu redio za watu. Wanaofungua redio asubuhi na kuifunga jioni ni watu wa kazi za mikono, shoga: fundi cherehani, fundi viatu, mama wa chapati, muuza duka la dawa. Pale Keko kuna seremala ameitundika redio yake kwenye msumari, imejaa vumbi la mbao hata namba za masafa hazisomeki. Ilikuwa inaimba Sikinde, ile bendi ya dansi ya zamani, kumbe ni flashi. Nikamuuliza mbona hasikilizi stesheni. Akanijibu bila kuacha randa, "Stesheni ipi, mama? Hizi wanazipiga Jumapili tu."

Hizi wanazipiga Jumapili tu! Tangu jana nalizungusha neno hilo kichwani. Mji huu ulihesabiwa watu zaidi ya milioni 5 mwaka 2022, na muziki uliowalea wakubwa wengi wa hapa unapewa saa mbili tatu kwa wiki. Sisi tuupe wiki nzima. Msondo tangu ilipokuwa NUTA Jazz mwaka 1964, Sikinde ya 1978, Maquis, Vijana Jazz, mwimbaji Marijani Rajabu, rumba ya Kongo, na taarab yenye udi na fidla. Mwanamuziki Remmy Ongala alifariki 2010 na mpaka leo makondakta wa daladala wanaita "Sinza kwa Remmy!" Na wasikilizaji wenyewe ndio wanaolipa ada, wananunua saruji, wananunua dawa za presha. Yule wa vifaa vya ujenzi aliyejitoa ni mmoja wao, nimemwona mwenyewe anaimba Msondo dukani kwake.

Bosi anadhani kupiga za zamani ni kuokoteza chochote chenye vumbi. Unamkumbuka yule Todd Storz tuliyefundishwa chuoni, mwenye redio kule Omaha, Marekani, miaka ya 1950? Aliona watu wanalipia nyimbo zilezile chache kwenye mashine ya santuri, akazifanya redioni zirudiwe-rudiwe. Na sisi hivyo hivyo: orodha fupi ya nyimbo ambazo kila mtu anazijua, zirudi kila wiki, mtu akifungua wakati wowote asipotee.

Lakini Storz alikuwa na nyimbo za dakika tatu. Dansi letu ni dakika saba, nane, na utamu wake uko kwenye chemko, pale wimbo unapokolea kasi kule mwisho. Mtangazaji akikata katikati apishe tangazo, amemnyima msikilizaji kile alichokuwa anakisubiri. Kwa hiyo saa moja inabeba nyimbo tano au sita, na nafasi za matangazo ni chache. Ndiyo maana nataka tuuze udhamini wa saa nzima, mfanyabiashara mmoja saa moja, jina lake litajwe kila wimbo unapoisha. Hapo ndipo bosi ananikunjia uso. Tena mirabaha, yale malipo ya wenye nyimbo, lazima tuitengee fungu, wimbo uwe mpya uwe wa zamani.

Kinachonisumbua kweli ni kingine. Mwenye miaka arobaini leo, Sikinde ni muziki wa baba yake. Yeye amekua na bongo fleva ya Juma Nature, tena hapa hapa Temeke, na Lady Jaydee. Nimwache huyo? Nikimpa jioni, asubuhi dansi, mchana taarab, si tutarudi kuwa redio ya kila kitu, isiyojulikana ni ya nani? Hapo nimekwama.

Halafu sauti. Nyingi ya rekodi hizo zilifanywa na Radio Tanzania, kanda zenyewe ziko TBC, na zinazozagaa mtandaoni zimenakiliwa hadi zimechoka. Nikakumbuka kabati la marehemu baba yako. Zile kaseti bado zipo? Hazijaota ukungu? Mama atakubali nizichukue kwa wiki mbili, Babu azinakili halafu nizirudishe mwenyewe kwa mkono? Na za taarab ya kwenu Tanga, Black Star na Lucky Star, zimo, au alichukua mjomba? Wewe ungempa nafasi huyu wa miaka arobaini, au ungeshikilia dansi na taarab peke yake? Na bosi nimwendee vipi, wewe alikuwa anakusikiliza, nianze na hela au na seremala wa Keko?

Nijibu kabla ya Ijumaa, au nipigie baada ya saa tatu usiku nikiwa nimetoka studio.

Shoga yako,
Mama Zai