Barua kwa Mjomba: hesabu ya siku moja chini ya mjusi wa Tendaguru

Berlin, 9 Novemba 2025

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo, ila baridi imeshaingia na jua linazama saa kumi na robo alasiri. Watoto wazima, Baba Saidi anakusalimu sana. Vipi korosho? Mmeshalipwa za mnada wa kwanza au bado mnaambiwa kesho? Na lile goti, umelipeleka hospitali au unaendelea kulichua na mafuta ya nyonyo tu?

Nimeamua kuandika, wala si kupiga simu, kwa sababu jambo hili kwenye simu litaishia kwenye kicheko. Ile picha niliyoiweka kwenye kundi la familia, watoto wamesimama chini ya mifupa ya mjusi mkubwa wa kale, dinosaria, kwenye makumbusho ya hapa Berlin, imezua maneno. Mmoja wetu, simtaji, unamjua, ameandika kwamba wenye pesa ya kwenda kumtazama mjusi aliyekufa hawawezi kukosa pesa ya mabati waliyoahidi. Wenzake wakacheka. Wewe hukuandika kitu. Kicheko chao sikukijali, lakini kimya chako kimenikaa rohoni, ndiyo maana nataka hesabu uipate kwangu mwenyewe.

Tulikwenda mwezi uliopita, shule zilipofungwa kwa likizo ya Oktoba. Tuanze na nauli, maana watu hudhani ndiyo inayomaliza pesa. Nauli haikutugharimu kitu. Wanafunzi wa Berlin wanapanda treni na mabasi ya mjini bure tangu 2019, na Saidi, mdogo wao, hajafika miaka sita, kwa hiyo naye haulizwi tiketi. Mimi na baba yao tuna kadi ya mwezi, euro 58 kila mmoja mwaka huu wa 2025, tunayolipa twende au tusiende, kwa ajili ya kazi. Kutoka mtaani kwetu Wedding ni treni moja tu, hubadilishi, inakushusha karibu na mlango wa Museum für Naturkunde, makumbusho ya viumbe na mambo ya asili.

Sasa kiingilio. Mtu mzima analipa zaidi ya euro 10. Watoto wakubwa wawili, Zuhura na Hamisi, wana bei yao ya chini, na kuna tiketi ya familia inayopunguza makali. Najua wewe utachukua euro moja, uifanye shilingi 3,000 kasoro kidogo, halafu uzidishe. Nakuomba usizidishe. Anayezidisha kila kitu kwa shilingi huku hanywi hata maji. Hesabu kwa saa za kazi. Baba Saidi anapanga mizigo kwenye bohari, na kima cha chini cha mshahara hapa mwaka huu wa 2025 ni euro 12.82 kwa saa, kabla ya makato. Ukitoa makato, kiingilio chake peke yake ni saa nzima na ushee ya kunyanyua maboksi. Changu nacho hivyo hivyo, ingawa sisi tunaohudumia wazee tunalipwa nafuu kidogo.

Kinachotumaliza hasa ni tumbo. Mtoto akishaingia ndani ya jumba kubwa anashikwa na njaa ambayo nyumbani hana. Mkahawa wa mule ndani una chipsi, soseji, keki na juisi za chupa, na kwa watu watano ukijisahau unaacha pale pesa nyingi kuliko ulizoacha mlangoni. Mimi natoka na chapati na mayai ya kuchemsha tangu nyumbani. Kuna makumbusho mengine, si haya, mlinzi alitusimamia hadi tukafunga mfuko na kwenda kula nje kwenye mvua. Tangu hapo nauliza kwanza wapi panaruhusiwa kula, ndipo nakata tiketi.

Na ukimaliza kila kitu, njia ya kutokea inakupitisha kwenye duka la zawadi. Hilo haliwezi kuwa bahati mbaya. Midoli imepangwa usawa wa macho ya Saidi, si yangu. Baba yao alimbeba begani, akampitisha amemfunika uso na kofia, mtoto akadhani ni mchezo.

Unaweza kuniuliza, kwa nini basi msikae nyumbani? Mjomba, sisi tulikua ufukweni. Asubuhi tunatoka, jioni tunarudi na mchanga masikioni, hakuna aliyejua tulikuwa wapi wala aliyelipa senti tano. Huku kuanzia sasa hadi Machi watoto watatu wapo ndani ya vyumba viwili na sebule. Hamisi akiruka mara moja, bibi wa chini anagonga dari yake kwa fimbo ya ufagio. Simlaumu, ni mgonjwa. Lakini mtoto lazima aruke mahali, na mahali pa kurukia panauzwa. Tiketi ile wengi wanaiona kama anasa ya elimu. Mimi naiona kama kodi ya nafasi kwa saa nne.

Tena kuna makumbusho ya watoto yenyewe, yaliyotengenezwa ili washike, wapande, wabomoe na kujenga. Ipo moja inaitwa MACHmit!, wameiweka ndani ya kanisa la zamani, na katikati yake yamejengwa kama makabati marefu ya mbao ambayo watoto wanatambaa ndani yake hadi juu. Hamisi alipotea mule, tukawa tunasikia sauti yake tu. Ila kwenye sehemu kama hizo mtoto naye analipa, maana yeye ndiye mgeni mwenyewe. Kinyume chake, yale makumbusho makubwa ya taifa, yenye masanamu ya Misri na picha za wafalme, mtoto wa chini ya miaka 18 haingii kwa pesa. Kwa hiyo mahali ambapo mtoto anachoka baada ya dakika kumi ni bure, na mahali asipotaka kutoka panalipiwa. Nani alipanga hivyo sijui, lakini hakuwa na watoto wadogo.

Nisiwe mtovu wa shukrani. Makumbusho ya Kiyahudi yamefungua sehemu ya watoto inayoitwa ANOHA, tangu 2021, kwenye jumba lililokuwa soko la maua. Ndani wamejenga safina kubwa ya mbao, ya duara, safina ya Nabii Nuhu, na wanyama kama 150 waliotengenezwa na wasanii kwa vitu vilivyotupwa. Tulipokwenda hatukulipa chochote, tulitakiwa tu kuweka nafasi mapema na kuchagua saa. Nilikukumbuka sana pale. Ulipotusimulia Nuhu barazani ulikuwa ukiigiza mbuzi aliyekataa kupanda; wanao wa huku wamemsukuma mbuzi huyo kwa mikono yao, au labda alikuwa mnyama mwingine, kwa vile kichwa chake kilikuwa cha vyombo vya jikoni. Saidi alilia tulipoondoka. Kumbe inawezekana kabisa kumpa mtoto kitu kizuri bila mama yake kushika pochi.

Na mji huu mzima ulikuwa umeshajaribu. Kuanzia Julai 2021, Jumapili ya kwanza ya kila mwezi makumbusho mengi ya Berlin yalikuwa bure kwa kila mtu. Siku hiyo treni yetu ilijaa mikokoteni ya watoto, Waarabu, Waturuki, Wakongo wanaongea Kiswahili chao cha Bukavu, bibi wa Kijerumani na wajukuu. Nilikuwa na kalenda jikoni, nimeizungushia wino kila Jumapili ya kwanza. Halafu serikali ya jiji ikapunguza bajeti ya utamaduni kwa karibu euro milioni 130 kwa mwaka 2025, na Jumapili ya bure ikawa miongoni mwa vya kwanza kukatwa. Desemba 2024 ikawa ya mwisho.

Wapo waliosema haikuwa na faida, kwamba waliojaza kumbi ni wale wale ambao wangelipa hata hivyo. Niliwaona hao, siwezi kukataa, wenye makoti mazuri na baiskeli za mbao za watoto. Lakini niliwaona na wengine, kwa sababu nilikuwa mmoja wao. Wenye kadi ya msaada wa serikali bado wana punguzo lao, na hilo ni haki. Jirani yetu wa Burundi anapata hata euro 15 kwa mwezi kwa kila mtoto, za michezo na utamaduni, baada ya kujaza fomu za kutosha kuwashia jiko. Amezipeleka zote kwenye timu ya mpira. Sisi mishahara yetu miwili inatuweka juu ya mstari kidogo tu. Kwenye fomu tunahesabiwa kuwa tunajiweza. Jumapili ile haikuuliza fomu wala kadi, na wala mwanangu hakuona mama yake akitoa cheti cha umaskini dirishani. Kwa mtazamo wangu walikata pesa ndogo pahali pabaya.

Sasa nije kwa mjusi mwenyewe, maana wanaocheka hawakuisoma picha vizuri. Ametoka Tendaguru, kwetu Lindi. Alisimamishwa ukumbini mara ya kwanza 1937, urefu wake kwenda juu ni mita 13.27, na wanamwita Giraffatitan kwa sababu ya shingo. Wajerumani walichimba pale kuanzia 1909 hadi 1913, miaka miwili tu baada ya vita vya Maji Maji kuzimwa. Mifupa haikuwa na gari la kuibeba. Ilibebwa kichwani na mabegani na watu wetu, mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, tani mia mbili na zaidi kwa miaka yote ile, kisha ikapakiwa melini. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, jina lake limebaki. Ya wapagazi wengi hayakubaki.

Baba Saidi, unavyomjua kwa utani, alimwambia dada wa tiketi kwamba mke wake katoka kijiji kimoja na huyo mjusi, je, hakuna bei ya ndugu? Yule dada akatabasamu vizuri kabisa, akachapa tiketi kwa bei ile ile. Nilicheka, lakini tulipofika chini ya ile shingo kicheko kilinikauka. Zuhura alisoma kibao, akaona Lindi, akaniuliza, "Mama, bibi yetu alilipwa?" Nikamwambia bibi hakuwa amezaliwa. Akasema, "Basi baba yake." Sikuwa na jibu la kumpa mtoto wa miaka tisa mbele za watu.

Hoja ya kurudishwa mifupa nawaachia waheshimiwa bungeni, wameizungumza miaka mingi na wataendelea. Mimi mwenye mambo madogo ningeanza na mlango: mtoto mwenye asili ya Lindi aingie bure. Sisi wa Lindi si wengi katika mji huu. Hasara yake haitajaza kikapu.

Kuhusu mabati. Wanasema kwenye kundi kwamba huku serikali inatulipa kwa kuzaa. Ni kweli mwaka huu wa 2025 tunapata euro 255 kwa kila mtoto kwa mwezi, na ni kweli zinaishia kwenye pango, viatu vya baridi na umeme kabla hazijalala. Mabati nilikuahidi kabla ya mvua na ahadi iko pale pale. Fungu lake liko mbali na fungu la watoto. Mshahara unaingia tarehe 28, nitatuma siku hiyo hiyo jioni kwa namba ya Hawa, maana yako najua fundi ameshaijua. Nunua ya geji nzito, hata kama yatapungua idadi. Upande wa jiko unaweza kusubiri Januari. Fundi alipwe nusu tu hadi amalize.

Nami nina ombi. Zuhura amepewa na mwalimu wake kuzungumza mbele ya darasa mwezi Januari, kila mtoto achague kitu cha makumbusho. Amechagua wapagazi. Vitabu vya hapa vina majina ya maprofesa na vipimo vya mifupa, lakini yeye anataka kujua walilala wapi njiani, walikula nini, walilipwa nini, na waliimba nini. Wewe ulikaa na wazee wa Mipingo, kijiji cha karibu na Tendaguru, ulipokuwa unafundisha kule. Kama uliwahi kusikia lolote, hata kipande, mrekodie kwa simu ya Hawa, kwa Kiswahili cha polepole, maana chake kimeanza kuteleza. Ukikumbuka wimbo, uimbe, usione haya. Atausikiliza yeye na darasa lake tu. Na kama hukusikia kitu, mwambie hivyo hivyo, naye ataliandika.

Msalimie shangazi, mama mkubwa na wote wa barazani. Yule aliyeandika kuhusu mjusi mpe salamu zake za peke yake, mwambie akija huku nitamlipia kiingilio, lakini chapati abebe mwenyewe.

Wasalaam,
mpwa wako,
Mama Zuhura